Usipoziba Ufa: Mazungumzo juu ya Kutunza Nyumba za Mawe



Hapana mtoto wa shule asiyeijua methali isemayo, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Twaifundisha darasani, twaiandika ubaoni, na wanafunzi huieleza kwa habari za tabia, ya kwamba kosa dogo lisiporudiwa huwa kubwa. Maelezo hayo ni mema. Lakini leo twataka kuirudisha methali hii ukutani penyewe, tuisikilize kama aisikiavyo fundi mwashi. Fundi aonapo ufa huuliza maswali mawili: ufa huu umeletwa na nini? Na tuuzibe kwa kitu gani? Mwenye nyumba asiyeyauliza maswali hayo aweza kuuziba ufa kwa haraka na kwa gharama kubwa, na baada ya miaka michache akajenga ukuta vile vile.

Tutazungumza hasa juu ya nyumba za mawe na chokaa zilizoko katika miji ya pwani yetu, kama vile Lamu, Mombasa, Pangani, Bagamoyo na Unguja. Mji Mkongwe wa Unguja uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka wa 2001. Lakini nyumba nyingi zilizomo si za watalii wala si za makumbusho. Ni nyumba za watu, walizoachiwa na wazee wao, na humo ndimo wanamolala na watoto wao. Ukuta ukianguka, huwaangukia hao.

Kwanza na tutazame nyumba ya namna hii imefanywa kwa nini. Mawe yake ni ya matumbawe. Yako yale magumu yachimbwayo nchi kavu, mahali palipokuwa bahari zamani za kale, na yako yale mepesi yaliyokatwa baharini yangali mabichi, ambayo mafundi waliyachonga kwa nakshi na kuyatia katika milango na vidaka. Mawe yalijengwa kwa chokaa na mchanga, na ukuta ukafanywa mnene, mara nyingi wa nusu mita au zaidi, wenye sura mbili za mawe na katikati vifusi vya mawe madogo na chokaa. Juu yake zikalazwa boriti za mikoko, na juu ya boriti sakafu ya mawe na chokaa. Kwa kuwa boriti za mikoko hazipiti urefu fulani, vyumba vya nyumba hizi ni virefu lakini vyembamba.

Chokaa nayo yatoka katika mawe yale yale. Mafundi hupanga magogo, wakaweka matumbawe juu yake, wakatia moto. Moto mkali huliondolea jiwe hewa ya ukaa iliyomo ndani yake, likabaki chokaa kali isiyozimwa. Ikitiwa maji huchemka, ikafura, kisha ikatulia ikawa laini kama maziwa ya mgando. Hiyo ndiyo chokaa iliyozimwa. Ikichanganywa na mchanga na kutiwa ukutani, huanza kuivuta tena hewa ya ukaa katika anga, kidogo kidogo, mpaka yarudi kuwa jiwe. Basi chokaa ni jiwe lililosafiri motoni na majini, likarudi kwao. Safari hiyo ya kurudi ni ya polepole. Huchukua majuma na miezi. Afanyaye haraka na chokaa huiharibu.

Sasa yatupasa kuujua mwendo wa maji, maana maji ndiyo adui mkubwa wa ukuta. Ukuta wa matumbawe na chokaa una vinyweleo vingi. Hunywa maji wakati wa mvua, na jua likiwaka huyatoa tena kama mvuke. Kunywa huko si ugonjwa. Ugonjwa huanza maji yaingiayo yanapozidi yatokayo.

Maji huingia kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni juu, katika bati lililotoboka, mlizamu uliopasuka, au kichwa cha ukuta kilichoachwa wazi. Njia ya pili ni ubavuni, pale lipu ilipobambuka na mvua ya upepo ikapiga mawe, au bomba la chooni linapovuja ndani ya ukuta. Njia ya tatu ni chini. Msingi huvuta unyevu wa ardhi kama utambi uvutavyo mafuta, na unyevu huo huweza kupanda kiasi cha mita moja kutoka chini, pengine kuzidi. Ndiyo maana twaona alama ya unyevu kama mshipi chini ya kuta nyingi, lipu ikimomonyoka hapo na kuacha unga mweupe. Unga huo ni chumvi. Maji huibeba ndani ya ukuta, na yakikauka huiacha. Chembe za chumvi hukua ndani ya vinyweleo vya jiwe na kuvipasua. Kwa sababu hiyo kujenga kwa mchanga wa ufukoni usiooshwa ni kujipandia ugonjwa kwa mkono wako mwenyewe.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo lililo kubwa katika mazungumzo yetu, nalo ni saruji. Saruji ya kisasa ilisajiliwa huko Uingereza mwaka wa 1824 na Joseph Aspdin, mwashi wa mji wa Leeds. Ni kitu chenye nguvu, na katika madaraja, matangi na nyumba za matofali ya saruji, yafaa sana. Hatuisemi vibaya. Walakini nguvu yake si dawa ya kila ukuta. Lipu ya saruji ni ngumu kuliko matumbawe, tena haipitishi mvuke kama chokaa. Nyumba ya kale hujinyoosha na kujikunja kidogo kwa joto na baridi. Chokaa hufuatana nayo, bali saruji hukataa, ikapata nyufa nyembamba kama unywele. Maji huingia kwa nyufa hizo wakati wa mvua, na jua likiwaka hayaoni njia ya kutokea. Yakifungiwa ndani, hupanda juu zaidi au hutokea upande wa vyumbani, na vichwa vya boriti vilivyofukiwa ukutani huoza gizani, wala mtu haoni.

Na tutoe mfano. Mzee mmoja wa mji wa pwani alikuwa na nyumba aliyoachiwa na babu yake. Mwanawe alipokaribia kuoa, mzee aliona haya kwa sababu lipu ya upande wa barabarani imebambuka. Fundi kijana akamwambia, "Mzee wangu, tuibandue chokaa hii ya kale, nikupigie lipu ya saruji. Hutaigusa tena mpaka wajukuu wako wakue." Mzee akauza minazi minne, kazi ikafanywa, na siku ya harusi nyumba ikang'aa. Masika ya pili madoa yakaonekana vyumbani, mahali pasipokuwa na doa zamani. Masika ya nne boriti mbili zikalegea juu ya chumba cha bibi harusi, ikabidi wahame na mtoto mchanga. Ndipo akaitwa fundi mtu mzima. Akaigonga ile lipu kwa mpini wa mwiko, ikalia kama mtungi mtupu. Akatazama juu, akauona mlizamu uliopasuka, unaomwaga maji ukutani tangu kabla ya harusi. Akasema, "Bwana, ukuta wako ulikuwa ukitoka jasho tu, nanyi mkauvika koti la mvua." Mlizamu mmoja ungaliiponya nyumba ile. Mzee aliuziba ufa, lakini hakuuliza umeletwa na nini, wala hakuuliza auzibe kwa kitu gani.

Basi mwenye nyumba na afanyeje? Kwanza na aikague nyumba yake kwa majira, akianzia juu na kushuka chini, kama maji yashukavyo.

Kabla ya masika, yaani kabla ya mwezi wa Machi, panda ukatazame paa. Badilisha bati lililotoboka, ondoa majani katika milizamu, na tazama kama maji ya mlizamu yamwagika mbali na ukuta. Fanya hivyo tena kabla ya vuli, mwezi wa Septemba. Mvua ya kwanza inaponyesha, usijifungie ndani. Chukua mwavuli uizunguke nyumba, utazame maji yapita wapi, yasimama wapi, na yapiga wapi. Nusu saa ya mvua itakufundisha mengi kuliko mwezi mzima wa jua. Mvua zikiisha, tia alama mahali penye unyevu, ungoje ukuta ukauke. Kazi yenyewe ya chokaa yafaa ifanywe katika miezi ya baridi ya kusi, kama Juni mpaka Septemba, kwa maana jua kali la kaskazi huikausha chokaa kabla haijashika.

Chini ya ukuta tazama ardhi. Katika miji ya kale njia hupandishwa kila zitengenezwapo, hata mwisho barabara ikawa juu kuliko sakafu ya nyumba. Hapo yafaa kuchimba mfereji mdogo wa kuyapeleka maji mbali. Wala usifunike ua wote kwa saruji mpaka ukutani, kwa sababu unyevu wa ardhi ukikosa njia ya kupumulia uani, huifuata njia ya ukuta.

Pili, na ajifunze kusoma nyufa. Ufa mwembamba wa lipu tu, usiofika kwenye mawe, si jambo la kutisha. Ufa upandao kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango, au ulio mpana juu na mwembamba chini, huonyesha kwamba ukuta umetembea au msingi umezama. Ili kujua kama ufa ungali unaendelea, chora kwa penseli mstari mdogo mwisho wake wa juu na wa chini, uandike na tarehe. Au bandika kipande chembamba cha kioo kivuke ufa, ukishikize kwa lipu pande zote mbili. Ukuta ukitembea, kioo kitavunjika. Ufa ulionyamaza mwaka mzima, masika na kiangazi, waweza kuzibwa. Ufa unaotembea hauzibwi kabla sababu yake haijaondolewa.

Vile vile ning'iniza timazi mbele ya ukuta. Ukiona ukuta umevimba katikati kama tumbo, jua kwamba ile sura ya nje imeachana na ya ndani, na vifusi vya katikati vimeshuka. Hapo usigonge, usibandue kitu. Watoe watu katika vyumba vinavyouegemea ukuta ule, utafute boriti za kuutegemeza, ukamwite fundi ajuaye nyumba za mawe. Fanya hivyo pia ukiona boriti zimepinda, au mlango uliokuwa ukifunguka vizuri umeanza kukwama bila sababu.

Tatu ni kazi ya kutengeneza. Palipobambuka, kwangua lipu iliyokufa mpaka ufike kwenye iliyo hai. Utaijua kwa kuigonga: iliyokufa hulia tupu. Katika viungo vya mawe toa chokaa iliyogeuka unga, kwenda ndani angalau mara mbili ya upana wa kiungo. Tumia tindo ndogo na mkono mwepesi, maana nyundo kubwa huwatikisa na walio wazima. Fagia vumbi, kisha lowesha ukuta kwa maji baridi, kwa sababu jiwe kavu huinyonya chokaa maji yake ikafa.

Kwa mchanganyiko tumia kipimo kimoja cha chokaa iliyozimwa kwa vitatu vya mchanga. Mchanga na uwe mkali mkononi, usiwe wa udongo, na uwe umeoshwa kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi. Ukitaka kuujaribu, tia konzi mbili katika chupa ya maji, uitikise, uiache mpaka kesho. Mchanga utakaa chini na udongo utakaa juu yake. Tabaka la udongo likiwa nene, mchanga huo haufai. Tomelea mashimo makubwa kwa vijiwe vilivyotiwa chokaa, usiyajaze chokaa tupu. Lipu na ipigwe kwa matabaka membamba, kila tabaka kiasi cha sentimita moja, na la kwanza lishike kwa siku kadhaa kabla ya la pili. Funika kazi kwa magunia, uyanyunyizie maji asubuhi na jioni kwa muda wa juma zima. Mwisho paka maji ya chokaa mara mbili tatu, mepesi. Usipake rangi ya mafuta wala ya plastiki, kwa kuwa hizo nazo huziba vinyweleo.

Yafaa tuonye hapa. Chokaa isiyozimwa huunguza. Ukiizima, tia chokaa kidogo kidogo ndani ya maji. Usimwage maji juu ya lundo la chokaa, itakurukia. Waweke watoto mbali, funika macho kwa miwani, na ikikuingia jichoni, osha mara moja kwa maji mengi safi kwa dakika nyingi, kisha uende hospitali. Chokaa iliyokwisha kuzimwa yaweza kuwekwa katika pipa chini ya maji kwa miezi, nayo huzidi kuwa njema.

Tena iko miti. Ndege hudondosha mbegu za mkuyu na jamaa zake juu ya ukuta, mche ukaota katika ufa, na mizizi ikasukuma mawe. Ukiwa mchanga, ung'oe leo. Ukiwa umekwisha kunenepa, usiuvute kwa nguvu, utashuka na mawe. Ukate, uuache mzizi ufe, ukiyakata machipuko kila yaotapo, ndipo ulitoe jiwe moja moja na kulijenga upya.

Wenzetu wa bara wenye nyumba za matofali ya kuchoma, shule na makanisa ya zamani yaliyojengwa kwa udongo au chokaa, kanuni ni ile ile: kiungo na kiwe laini kuliko tofali. Kiungo kikiharibika, fundi hukitia kingine kwa kazi ya siku moja. Mkitia saruji ngumu katikati ya matofali laini, kiungo kitadumu na matofali yataliwa, mwisho ukuta utabaki kama sega la nyuki.

Pengine msikilizaji atasema, "Haya yote nayajua, lakini nyumba yetu ni ya warithi kumi na wawili, nani atatoa fedha?" Hilo twalijua, tena huua nyumba nyingi kuliko mvua. Nyumba ya wengi kila mtu huila kodi yake, na hapana mtu aununuaye mlizamu. Shauri letu ni hili: kabla kodi haijagawanywa, fungu dogo na litolewe kwanza, kwa jina la nyumba yenyewe, kana kwamba nyumba nayo ni mmoja wa warithi. Fungu hilo na lishikwe na mtu mmoja mwaminifu, aandike katika daftari kila senti iliyoingia na iliyotoka. Nyumba iliyo mrithi wa kumi na tatu itawalisha wale kumi na wawili.

Wala tusidhani ya kwamba ukubwa wa nyumba huiponya. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash huko Unguja mwaka wa 1883, lilikuwa fahari ya mji mzima. Mwaka wa 2012 sehemu yake ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwamo katika kazi ya kulitengeneza, upande mzima uliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa. Jumba lililochelewa kutengenezwa huwa hatari hata kwa wale wanaokuja kuliponya.

Wala tusidhani ya kwamba uzee peke yake huua nyumba. Huko Songo Mnara, karibu na Kilwa, majumba mazuri ya mawe yalihamwa na watu karne nyingi zilizopita. Dari zake zimeanguka, na leo ni magofu. Huko Kizimkazi katika kisiwa cha Unguja uko msikiti wenye maandishi ya mwaka wa 500 wa Hijra, yaani 1107. Umejengwa upya kwa sehemu kubwa katika karne ya 18, umetengenezwa tena na tena, na hata sasa watu wasali ndani yake. Mawe ni yale yale ya matumbawe, na mvua ni zile zile za masika na vuli. Tofauti ni kwamba mahali pamoja palikuwa na watu wa kuziba ufa, na pengine hapakuwa na mtu.

Ninyi wanafunzi, twawapa kazi. Mvua ya kwanza itakaponyesha, kila mmoja aizunguke nyumba ya kwao, au shule yenu, aandike katika daftari mahali maji yanapopiga ukuta, kisha amwonyeshe baba au mwalimu. Na ninyi wenye nyumba, kijana akiwaletea daftari hilo, msimwambie aende akacheze. Leteni ngazi.